Kilo hamsini na mbili: kisa cha karani wa mizani, Pasua, Moshi

Binti yake alinipa tatizo lote tukiwa bado getini: "Dada, baba anasema kilo hamsini na mbili kutwa nzima. Mimi nimechoka."

Ilikuwa Mei 2023, mtaa wa Pasua, Moshi, masika yakimalizia hasira zake na njia ya kuingia kwao imegeuka tope. Mzee alikuwa na miaka 84, mgane wa mwaka mmoja. Baada ya kumzika mkewe, watoto walikaa kikao, wakaona hawezi kubaki peke yake kihambani, shamba la familia kule Uru mlimani, wakamshusha mjini kwa binti huyu mwenye vyumba vitatu na genge la mboga mbele ya nyumba. Hakuna aliyemuuliza anataka nini, au labda waliuliza kwa namna ile ya kuuliza huku begi limeshafungwa. Tangu afike, alikuwa akikaa barazani kwenye kiti cha plastiki, uso umeelekea ukuta wa jirani, na mara kadhaa kwa siku anasema bila kumwangalia mtu: "Kilo hamsini na mbili. Mizani haikukosea."

Mimi nilifanya kazi ya ustawi wa jamii hadi nikastaafu, na sasa tuko wanawake wanne tunaotembelea wazee majumbani. Hatuna ofisi wala bango. Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yake na ya binti yake. Majina nimeyaacha, na mambo mawili matatu yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Nakiandika hasa kwa sababu kuna mahali niliharibu, na ninaona watu wengi wakiharibu palepale kila wanaposhika simu na kusema, "Babu, hebu tuhadithie."

Hukumu ilikuwa imeshatolewa

Familia iliafikiana kwamba baba ameanza kuchanganyikiwa. Kaka mkubwa, aliyeko Dar es Salaam, alishaanza kuulizia bei ya mtu wa kumwangalia. Sikuwalaumu, maana kusikia neno lilelile mara kumi kabla ya chakula cha mchana kunachosha kweli. Lakini kurudia nako kuna namna zake. Mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, dimensia, huuliza "Mama yenu yuko wapi?", akajibiwa, na baada ya dakika tano akauliza tena kama mtu ambaye hajapata jibu. Huyu hakuwa anauliza. Alikuwa anatoa taarifa, kwa maneno yaleyale, na kila mara akiikatia palepale. Siku ya wiki aliijua. Nani kala na nani hajala alijua. Deni la muuza maziwa alilijua kuliko mwenye nyumba.

Utafiti uliofanyika wilaya jirani ya Hai, ukachapishwa 2013, ulikuta dimensia kwa watu wapatao 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi. Sita si wachache, hasa ukiwa ndiye unayemuuguza mmoja wao. Ila waliobaki ni zaidi ya tisini, na miongoni mwao wamo wengi tunaowaita wamechanganyikiwa kumbe wana jambo jingine.

Tulimpeleka kliniki. Sikio la kushoto lilikuwa limeziba nta kabisa. Likasafishwa, na jioni ile binti akanipigia simu akicheka: baba amelalamika kwamba redio ya jirani inapiga kelele. Miezi yote wamekuwa wakimsemesha kutoka upande wa jikoni, yaani kushoto, na kimya chake wakakihesabu kuwa ni akili inayoondoka. Sisi tunaopenda kuwasikiliza wazee huwa tunakimbilia roho, masikio tunayasahau.

Kilichobaki baada ya nta, alisema daktari, ni huzuni nzito. Usingizi ulikuwa unakatika saa nane za usiku, chakula vijiko vitatu basi. Kumbukumbu zilikuwa zimepungua kidogo, kama za watu wa umri wake. Alitakiwa kurudi baada ya miezi miwili, na mazungumzo yangu ya kila Jumanne daktari aliyaafiki.

Mkaguzi wa hesabu

Ziara mbili za kwanza nilizipoteza. Nilikuja na karatasi ya maswali ishirini, yamepangwa vizuri kuanzia utotoni.

"Utoto wako ulikuwaje, mzee wangu?"

"Mzuri."

"Ulisoma wapi?"

"Shule ya misheni."

"Kazi ulianza lini?"

"Sitini na moja."

Kila jibu alilitoa akiwa amenyoosha mgongo. Nilipoandika, alisubiri kalamu yangu isimame ndipo apokee swali jingine. Nilikuwa kwenye bajaji narudi nyumbani nilipoelewa. Huyu mtu alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha kahawa kwa karibu miaka thelathini. Anayekuja na karatasi, akauliza kwa mpangilio na kuandika kila neno, kwake ni mkaguzi wa hesabu, na mkaguzi hajibiwi zaidi ya alichouliza.

Ziara ya tatu sikubeba karatasi. Nilipitia soko la Mbuyuni, nikamwomba muuza mbaazi mmoja, rafiki yangu, aniazime mizani yake: ile ya kuning'iniza, ya saa, yenye ndoano chini. Nikamwachia elfu kumi ya dhamana. Nilimkabidhi mzee, nikasema tu kwamba binti yake anataka kujua maharage yaliyobaki gengeni ni kilo ngapi.

Hakuipokea haraka. Kwanza alifuta viganja kwenye suruali. Akaishika kwa pete ya juu, akaiinua hadi usawa wa macho, akafumba jicho moja na kungoja mshale utulie. Akaigonga mgongoni kwa kidole, kibao kidogo kama cha kumwamsha mtoto, akautazama mshale tena.

"Muhuri uko wapi?"

Sikuelewa.

"Muhuri wa Vipimo. Kila mwaka lazima ikaguliwe, igongwe muhuri."

Muhuri haukuwepo. Akamwita mjukuu wake, mtoto wa darasa la nne, alete ndoo ndogo. Akaipima tupu. Akaagiza maji lita tano, yamwagwe humo bila kuachwa tone. Akapima tena, akatoa kichwani. Lita moja ya maji ni kilo moja, alimweleza mtoto. Mizani ilisema kilo tano na nusu.

"Hii inamla mnunuzi," alisema. Akanyamaza kidogo, bado ameishika. "Yetu ilikuwa inamla mkulima."

Kisha akanigeukia. "Irudishe kwa mwenyewe. Na umwambie inapunja."

Nikasema nitamwambia.

Saa nzima iliyofuata sikuuliza swali hata moja. Alieleza wakulima walivyofika alfajiri na magunia kichwani, blanketi bado zi mabegani kwa baridi ya mlimani. Alieleza namna ya kuitambua kahawa ya maganda iliyokauka: unachukua punje, unaiweka kati ya meno, unabana; ikikubali jino bado mbichi, ikigoma imeiva kwa jua. Alinionyesha kwa punje ya harage. Akafika Desemba 9, 1961, akiwa na miaka 22 na miezi michache tu kazini, usiku ambao Luteni Alexander Nyirenda alikuwa kileleni mwa Kilimanjaro na Mwenge wa Uhuru. Walikesha nje wakitazama mlima. Nikamuuliza kama Mwenge ulionekana kutoka Uru. "Haukuonekana," alisema, "lakini kila mtu aliuona."

Kwa nini kilo zile, na si nyingine

Hapa nisimame kidogo kwenye mambo ya vitabuni.

Hadi miaka ya 1960 madaktari wengi wa Ulaya na Marekani walimwona mzee anayezungumzia zamani kama mtu anayeanza kuharibika, na wauguzi waliambiwa wamrudishe kwenye ya leo. Mwaka 1963 Robert Butler, daktari wa akili wa Marekani, aliandika kinyume. Kurejea maisha, alisema, ni kazi halisi ya uzeeni, inayoamshwa na kujua kuwa mwisho u karibu. Mtu anayatoa mambo aliyoyafungia, anayatazama upya, na akibahatika anapatana nayo. Butler hakuahidi asali. Alionya kwamba kazi hiyohiyo inaweza kumtumbukiza mtu kwenye majuto. Watu huinukuu nusu ya kwanza.

Mwaka 1991 Lisa Watt na Paul Wong wa Kanada waligawa kukumbuka zamani kwa wazee katika aina sita. Nitataja mbili. Ipo ya kuunganisha: mtu anashona vipande vya maisha yake, na vibaya vikiwemo, hadi avikubali kuwa ni vyake. Na ipo ya kung'ang'ania: anarudi kwenye kosa au uchungu uleule, anaugusa, anaondoka, anarudi. Wazee waliokuwa wanaendelea vizuri walikuwa na zaidi ya ile ya kwanza, na kidogo ya hii ya pili.

Jambo jingine linalojulikana ni kwamba watu wazima hukumbuka kwa wingi mambo ya kati ya miaka 10 na 30 hivi. Ndiyo maana Mwenge wa 1961 ulimtoka mzee kama wa jana. Lakini habari ya kilo hamsini na mbili, nilipokuja kuipata, ilikuwa ya 1977. Alikuwa na miaka 38. Kumbukumbu ya umri huo haikai mdomoni kwa sababu ya ujana. Hii ilikuwa imekaa kama hesabu ambayo haijafungwa.

Jumanne ya tano

Nilikuwa nimempa ahadi ya Jumanne nane, saa moja kila moja. Idadi niliichukua kwa muuguzi wa Marekani, Barbara Haight, aliyeutengenezea utaratibu huu wa kurejea maisha vikao sita hadi nane. Mpangilio wake wa kufuata umri sikuuchukua, kwa sababu mzee wangu hakutaka kukaguliwa. Ziara ya nne tulimenya ndizi. Aliniuliza kama nimemwambia yule wa mbaazi. Nikasema bado. Mizani nilikuwa nimeirudisha, elfu kumi yangu nimeichukua, nimeshukuru, nimeondoka.

Jumanne ya tano alianza mwenyewe, kabla chai haijamiminwa.

Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, KNCU, chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilichoanza 1933, kikiwa kimojawapo, na ukusanyaji wa kahawa ukawa kazi ya vijiji. Stoo ni ileile, mizani ileile, karani yuleyule, wakubwa wapya. Na bei nayo ilikuwa imepanda dunia nzima, kwa sababu Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazili. Kufikia 1977 kahawa ilikuwa juu mno. Kilo mbili za mwaka ule, alisema, si kilo mbili za mwaka wowote.

Sasa, kahawa ikilala stoo inazidi kukauka, na ikikauka inapungua uzito. Ikifika kiwanda cha kukobolea pale mjini na kuonekana pungufu, anayeulizwa ni karani, na anayekatwa mshahara ni karani. Kwa hiyo makarani walijifunza kujilinda mapema: kunyofoa kilo moja hapa, kilo mbili pale, juu ya karatasi.

Akaja mama mmoja, mjane, jirani yake kabisa, na gunia kichwani. Mizani ikasoma hamsini na mbili. Akaandika hamsini. Mama hakujua kusoma namba, ila alikuwa amebeba lile gunia na shingo yake inajua. Akamtazama, akasema: "Karani, hiyo ni hamsini?"

"Nikamwambia," mzee alisema, "mizani haikosei, mama."

Kufika hapo aliacha Kiswahili. Akaendelea kwa Kichagga cha Uru, kwa sauti ya chini, kama dakika saba. Mimi ni Mpare wa Same. Niliambulia "gunia" na namba chache. Binti yake alikuwa mlangoni na sufuria mkononi; alisimama vile, hakuiweka chini, hadi baba alipomaliza.

Alinifasiria baadaye jikoni. Msimu uliofuata karani alikusudia kumwongezea yule mama kilo mbili kwa kila gunia, kutoka kwenye kahawa yake mwenyewe. Alikuwa ameshaitenga kabisa, kwenye debe. Mama hakuja. Alikuwa ameacha kuleta kahawa, anauza ndizi Kiboriloni. Karani akangoja msimu mwingine, na debe lake. Mama akafariki mwaka ule alipofariki Waziri Mkuu Sokoine, yaani 1984.

Nilipoharibu

Yote hayo nilikuwa nimeyarekodi kwa simu. Ruhusa niliomba. "Nirekodi, mzee wangu?" "Rekodi." Tuliishia hapo. Sikumwambia nani atasikia, na wala mwenyewe sikuwa nimefikiria.

Kulikuwa na mjukuu mwingine, kijana wa mwaka wa pili chuoni Dar, aliyekuwa ameahidi kuyaandika mazungumzo yote ili familia iyatunze. Nikamtumia faili. Kijana ana moyo mzuri, na nadhani ndiyo sababu akafanya alichofanya: alikata dakika mbili zilizomgusa, akazirusha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na maneno "Babu akitoa ushuhuda" na alama za makofi.

Tazama alichokata. Kijana amezaliwa Dar, Kichagga hakijui. Katika faili lile, sehemu ya Kiswahili ilikuwa habari, sehemu ya Kichagga ilikuwa kelele. Akachukua habari. Kwa hiyo ukoo mzima ulisikia babu akipunja mjane na kumdanganya usoni. Debe lililotengwa halikusikika, wala misimu miwili ya kungoja.

Ndani ya kundi lile kuna mwanamke aliyeolewa kwa kina yule mjane. Ilikuwa Alhamisi. Kufikia Jumapili habari ilishapanda Uru ikashuka tena, na baada ya misa mzee mwenzake alikuja kumjulia hali, akasema kwa kicheko kile cha utani wenye meno: "Kumbe ndivyo mlivyojenga!"

Jumanne nilikuta kiti kimegeuzwa, mgongo kwangu. Alimwambia binti yake: "Mwambie mkaguzi nimefunga ofisi."

Usingizi uliokuwa umeanza kurudi ukakatika tena. Chakula kikarudi vijiko vitatu. Haya ni madhara, nami ndiye niliyeyaleta, si teknolojia. Wiki mbili nilikwenda siku yangu, nikakaa gengeni na binti tukichambua mboga, nikaondoka. Binti hakunifukuza. Hakunifariji pia.

Wiki ya tatu simu niliiacha nyumbani. Mjukuu alikuwa amepanda basi kutoka Dar. Tuliomba radhi mbele ya binti, mimi kwanza kwa kuwa ndiye mkubwa. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Kwangu alisema: "Umeitoa sauti yangu nje haijavaa." Kwa kijana alisema polepole zaidi: "Gunia langu lilikuwa hamsini na mbili. Wewe umewapa watu hamsini."

Kijana alilia. Mzee akamwacha alie, akaniuliza mimi: "Yule wa mbaazi ulimwambia?"

Siku hizi ruhusa ya kurekodi naiomba mara mbili, na ile ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mtu hawezi kukubali kusikilizwa na watu fulani kabla hajajua atakachosema. Mazungumzo yakiisha nauliza: haya ya leo yakae wapi? Yabaki kati yetu? Yaandikwe? Yaende kwa mtoto gani, na mtoto gani asiyapate? Wakati mwingine jibu ni "futa", nami nafuta akiona. Na siruhusu tena sehemu ya lugha ya nyumbani iwe pengo kwenye maandishi. Wazee wetu wengi husema hadithi kwa Kiswahili, lakini kinachowauma hukisema kwa lugha waliyolelewa nayo. Anayeelewa Kiswahili tu anaondoka na kosa bila maelezo yake.

Isale

Ijumaa ile mzee alimwambia mjukuu amtafutie isale. Kwa asiyetoka huku: isale ni mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani mwa vihamba, na kwa Wachagga jani lake likipelekwa kwa uliyemkosea ni ombi la msamaha ambalo si rahisi kulikataa.

Pasua halipo. Kijana akatoka, akarudi baada ya saa mbili amelipata kwa wauza miche wa barabarani, ndani ya mfuko mweusi wa plastiki wenye udongo, jani la kijani na michirizi myeupe. Mzee alilitazama juu, chini, akaligeuza.

"Hili la hotelini," alisema.

Akacheka. Binti alikuja mbio kutoka gengeni akidhani baba amepaliwa. Alikuwa hajausikia ule mlio tangu mama yake afariki.

La kweli alilikata binti mwenyewe, Uru, mpakani mwa kihamba chao, akalipeleka kwa mtoto wa yule mjane pamoja na maneno ya baba, yote, kwa Kichagga. Wiki iliyofuata mtoto huyo, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, alishuka Pasua na mkungu wa ndizi begani. Nilikuwepo, kwa ruhusa ya wote wawili.

Aliamkia, akaketi, akanywa chai. Halafu akasema mama yake kilo zile alizijua. "Nyumbani alikuwa anakuita Karani Hamsini."

Mzee alilipokea jina hilo kwa kutikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesaini. Sikuona faraja usoni mwake, na sitaki kumwekea. Alikuwa amebeba siri miaka arobaini na sita, kumbe upande wa pili wa mpaka ilikuwa na jina la utani.

Lakini mgeni hakuwa amefuata kilo. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka miwili, na picha hakuna. "Wewe ulimpimia baba kahawa," alisema. "Alikuwaje?"

Mzee alikaa kimya muda mrefu, hata nikadhani amechoka. Kisha akasema alikuwa mtu wa kushoto. Wote walishusha gunia kwa bega la kulia, kwa hiyo ndoano ya mizani iliwekwa upande huo. Yeye alikuja na bega la kushoto, kila mara karani analazimika kuzunguka. Alihesabu kwa midomo bila sauti. Kofia aliivua mlangoni hata mvua ikinyesha. Mgeni alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka chini, akautazama mkono uliokuwa umekishika.

"Mimi shuleni nilichapwa kwa sababu ya mkono huu," alisema.

Walikaa hadi saa kumi na moja. Mengi yalikwenda kwa Kichagga, na safari hii hakuna aliyenifasiria.

Kilichobadilika na kisichobadilika

Daktari alipomwona tena aliandika kwamba huzuni imepungua. Usingizi sasa unamfikisha karibu na alfajiri, na anakula. Sithubutu kusema ni mazungumzo peke yake: sikio lilizibuka, mjukuu alianza kuja, na mwezi wa saba binti alianza kumpandisha kihambani Jumamosi kuona mibuni inavyoiva. Kumbukumbu za karibuni ziko vilevile. Miwani anaitafuta ikiwa kichwani. Kwa wenye dimensia hasa, Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, ilipitia majaribio 22 ya mazungumzo ya namna hii, ikachapisha 2018, na ikakuta faida ipo lakini ndogo na haifanani kila mahali. Kwao kuna njia nyingine za makundi, mojawapo ya vikao 14 iliyotoka Uingereza na ikarekebishwa na kujaribiwa hapa Hai. Mzee wangu hakuwa wa huko, na ningemtesa bure kumpeleka.

"Kilo hamsini na mbili" bado anasema. Tofauti ni kwamba binti sasa anauliza, "Za nani?", naye anaendelea.

Rekodi aliamua mwenyewe. Binti ayaandike yote kwenye kauntabuku, Kiswahili kwa Kiswahili, Kichagga kwa Kichagga, mjukuu akae naye na kuuliza kila neno asilolijua. Kazi inakwenda polepole. Kuna kurasa mbili zimepigwa pini pamoja. Zisifunguliwe yeye akiwa hai. Binti ndiye aliyeziandika, na hajaniambia, nami sijamuuliza.

Jumanne ya mwisho tulikaa gengeni kwa sababu ndani kulikuwa na joto. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuaga. Hakuyangoja.

"Yule wa mbaazi ulimwambia?"

Nikasema bado. Nikaanza kueleza: ni rafiki yangu, hunipa nyongeza kila ninaponunua, nikimwambia mbele ya wateja itakuwa aibu, nikimwambia pembeni atauliza nimejuaje. Mzee alinisikiliza hadi nikaishiwa. Kisha akamwita yule mjukuu wa darasa la nne, akamwambia alete ndoo ndogo.

"Nenda naye Mbuyuni," alimwambia mtoto. "Akishindwa kusema, pima wewe."

Tukapanda bajaji, mtoto amepakata ndoo.